Mtoto Yuko Wapi? Kisa cha Ubao Mmoja wa Kuchapia, Dodoma

Ubao wenyewe ni plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 45. Ulichongwa kwenye karakana tunayoshirikiana watu watatu pale Chang'ombe, Dodoma mjini, nyuma ya seremala wa vitanda na makabati. Aliyeuchonga ni kijana ninayemjua tangu anajifunza kunoa patasi. Humu nitamwita mchapaji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Aliyechongwa ni shangazi yake, dada wa baba yake, mama mtu mzima wa kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, ambaye haoni kwa miaka mingi sasa.

Nakala 12 zilikuwa zimeshachapwa, na 3 kati ya hizo zimeshatoka mikononi mwetu, ndipo shangazi akaupapasa ubao kwa vidole vyake na kuuliza swali lililotunyamazisha. Nakieleza kisa hiki chote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeviringisha wino kwenye nakala zile, na picha ile niliisifia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alichokuwa anakitafuta

Mchapaji alikuwa na mfululizo wa mbao sita. Baba mzee ananyolewa na mwanawe. Mama aliyejifungua usiku huohuo amelala ubavu. Mgonjwa anaoshwa miguu kwenye beseni. Nyingine mbili zilikuwa bado zinasumbua. Ya shangazi ilikuwa ya tatu, na kila aliyeingia karakana alisimama mbele ya hiyo kwanza.

Mada aliiandika ukutani kwa penseli ya seremala: udhaifu wa mwanadamu. Tulibishana sana juu ya neno hilo, na mabishano yale sasa nayaona yalikuwa mlango wa kisa chote. Mtu akikwambia "udhaifu wa fulani", mara nyingi anakusudia kasoro yake, ile tabia inayomwangusha. Kijana alikuwa anatafuta jambo lingine: kwamba mwili unaumia, unazeeka, unaugua, na unafika mahali hauvuki barabara bila mkono wa mwenzake. Hali hiyo hakuna asiyekuwa nayo, hata waziri, hata bondia. Lakini jirani kabisa na neno hilo kuna unyonge. Mtu hazaliwi mnyonge. Ananyongeshwa, anawekwa chini na wengine, na akishakaa pale chini watu huzoea kumwona palepale. Nilimwambia achunge asije akachonga la pili akidhani anachonga la kwanza. Nililisema kwa juu juu tu, kama mtu anavyotoa nasaha ambayo hata yeye hajaitafuna.

Kwa nini achonge mbao badala ya kupaka rangi? Hapa Tanzania mchoro wa rangi una wanunuzi wake, kinyago cha mpingo kina wake, na picha za kuchapa zina watu wachache. Kusini mwa bara letu zilishika mizizi zaidi. Kituo cha Rorke's Drift, Afrika Kusini, kilichoanzishwa na Walutheri mwaka 1962, kilitoa wachapaji wakubwa, akiwemo John Muafangejo wa Namibia, aliyechonga linoleamu mpaka alipofariki mwaka 1987. Mchapaji wetu aliipenda kazi hii kwa jambo moja analolirudia kila mara: kwenye mbao unachora kwa kuondoa. Ulichokiacha juu kinapokea wino na kutoka cheusi. Ulichokichimba kinabaki cheupe. Ukiteleza, umeteleza, mti uliokwisha kutoka haurudi. Mwenye brashi akikosea anapaka juu yake, kesho hakuna anayejua.

Vifaa vyake ni vya kujitengenezea. Patasi nyembamba kuliko zote ni kijiti cha mwavuli mbovu: kile chuma chenye mfereji, kimenolewa ncha na kupachikwa kwenye mpini wa muhunzi. Kinakata mstari mwembamba kama uzi. Wino ni ule mzito wa mashine za ofseti, tunaununua kwa wenye viwanda vidogo vya kuchapa kadi, tunaulainisha kwa tone la mafuta juu ya kioo, kisha unapitishwa kwa rola ya mpira. Mashine ya kukandamiza hatuna. Karatasi inalazwa juu ya ubao na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko, pole pole, mpaka mkono ufe ganzi.

Macho ya shangazi

Yaliyompata shangazi yanajulikana Ugogo kote. Ni vikope, ugonjwa ambao wauguzi wanauita trakoma. Ni bakteria. Wanasafiri kwa vidole, kwa ncha ya kanga inayofuta nyuso za watoto wanne mmoja baada ya mwingine, na kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo. Kuugua mara moja hakupofushi. Kinachopofusha ni kuambukizwa tena na tena tangu utotoni: ndani ya kifuniko cha jicho panaota makovu, kifuniko kinajikunja, nywele za kope zinageukia ndani, na kila mtu anapopepesa zinakwangua kioo cha jicho. Miaka inapita hivyo. Kongwa, jirani na Chamwino, ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana duniani kwa ugonjwa huu, tangu miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wanapofuka kwa trakoma hadi mara 4 zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Dawa ipo, upasuaji mdogo wa kurudisha kope nje upo. Kwa shangazi vyote vilifika jioni.

Aliwahi kunisimulia jinsi mama yake alivyokuwa anang'oa kope zile kwa kibano, yeye amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama, mlangoni ambako kuna mwanga. "Zikiota tena zinakuwa ngumu kama miiba ya mkakala," alisema. Nilipomsikia nilifikiri: hii ndiyo picha. Mtoto amelaza kichwa, mama ameshika kibano. Sikumwambia mchapaji. Naye tayari alikuwa na picha yake kwenye simu.

Picha ya simu

Alimpiga kijijini, mwezi wa nane, saa za jioni, shangazi anatoka kanisani. Mkono wa kulia ameshika fimbo. Mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, kiganja juu, vidole vimefunguka. Uso umeinuka kidogo kama wanavyoinua wasioona wanaposikiliza. Chini kabisa kwenye kona kuna kichwa cha mtoto, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha, na sweta la shule lililolegea shingoni. Ni mjukuu wake wa miaka sita. Ndiye anayemwongoza.

Nimeirudia picha ile mara nyingi. Kiganja cha bibi kimefunguka kwa sababu mtoto yuko karibu kukishika. Sekunde moja baadaye vidole vile vingekuwa vimefungwa juu ya mkono mdogo, na picha ingekuwa nyingine.

Mchapaji alipoihamishia kwenye ubao kwa karatasi ya kaboni, mtoto alimwacha. Sababu alizozitoa zilikuwa za kifundi, na nilizikubali zote: kichwa kimekatwa vibaya, kinavuruga kona, jicho la mtazamaji linakimbilia huko na kumwacha mama. Akachimba eneo lote la nyuma mpaka likawa jeupe tupu. Akabaki mwanamke mmoja mweusi, mwenye mikunjo ya kanga iliyochongwa kwa ustadi ambao mimi sina, macho mawili meupe, na mkono ulionyooshwa kwenye weupe.

Ilikuwa picha yenye nguvu. Sitaki kulipunguza hilo. Mpaka leo, kama ni suala la uzito wa nyeusi na nyeupe peke yake, ubao ule wa kwanza unaushinda wa pili. Zilipochapwa nakala 12, akazipeleka kadhaa Dar es Salaam kwenye maonyesho ya pamoja. Moja ilinunuliwa. Aliporudi alitusimulia kwa furaha kwamba mtazamaji mmoja alisimama mbele ya picha akasema, "Huyu mama namfahamu, anakaa pale kwenye mataa." Tulicheka, tukaona ni sifa, kwamba kumbe sura imetoka kweli mpaka mtu anadhani anamfahamu.

Siku ubao ulipopapaswa

Shangazi alikuja mjini mwezi wa tisa mwaka uliofuata, kwenye harusi ya ukoo, akafikia kwa mchapaji. Siku ya tatu akataka kuletwa karakana. Alifika ameshikwa mkono na mjukuu. Mtoto alipomkabidhi kwa kiti cha plastiki tu, akatokomea nje kwenye lundo la randa za seremala.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Harufu gani hii?"

"Wino na mafuta ya taa, shangazi."

"Na ile picha yangu uliyosema?"

Mchapaji akamtolea nakala nzuri kuliko zote. Shangazi akaipitisha kiganja upande huu, akaigeuza, akapitisha upande wa pili, akamrudishia kwa heshima. "Karatasi," alisema. Tukasimama pale tumeduwaa, watu wazima wawili tunaojiita wachapaji. Aliyetuzindua ni yule seremala, aliyekuwa ameingia kuazima gundi. "Si mumpe ubao wenyewe?"

Ubao ukaletwa, ukalazwa mapajani mwake. Nilipiga magoti pembeni, nikaona kila kitu kwa karibu.

Alianza na ukingo, akauzunguka wote kama mtu anayepima shamba. Kisha akaingia ndani kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Akakutana na kanga. "Hii nguo," alisema, akafuata mikunjo kutoka begani mpaka chini, akatabasamu: "Umeikunja vizuri, kama ya Jumapili." Akapanda juu. Shingo. Kidevu. Vidole vikafika kwenye macho na kuzama. Weupe wa macho yale mchapaji alikuwa ameuchimba kwa kina, tabaka mbili za plaiwudi. Shangazi akanyamaza kidogo, ncha ya kidole ikiwa ndani ya shimo.

"Hapa umechimba sana."

"Ndiyo shangazi."

Hakuongeza neno. Akashuka kutafuta mikono. "Fimbo umeniwekea kushoto. Mimi nashika kulia." Mchapaji akapumua, kwa sababu hilo alikuwa na jibu lake. Akamweleza kwamba ubao unachongwa kinyume, kama uso kwenye kioo, karatasi ikibanduliwa mambo yanarudi mahali pake. Shangazi akaelewa mara moja. "Kama muhuri wa ofisi ya kijiji," alisema. Tukafurahi wote.

Kisha akaufikia mkono mwingine. Akauhesabu vidole. Akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha ubao, kikalingana karibu sawasawa. Halafu akafanya jambo ambalo mtazamaji mwenye macho hakulifanya hata mmoja: akaendelea mbele ya ncha za vidole. Pale mbele hapakuwa na kitu, ni lile eneo lililochimbwa, lenye alama za patasi zinazofuatana kama matuta. Akalipapasa. Akaenda mpaka ukingoni, akarudi, akaenda chini kwenye kona.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nje shangazi, anachezea randa."

"Nasema wa hapa."

Hakuna aliyejibu.

"Mkono huu nilimpa mtoto," alisema. "Hapa nampa nani?" Akakaa kimya, vidole bado viko kwenye matuta. "Na kwa kushoto mtu haombi, baba."

Tulikosea wapi

Nilikuwa na majibu mengi wiki ile, yote ya kujitetea. Sanaa si ushahidi wa mahakama. Mchapaji ana haki ya kupunguza. Kila picha inaacha kitu nje. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalogusa alichokisema shangazi. Yeye hakulalamika kwamba picha haifanani naye. Alisema mkono umebadilishiwa kazi.

Mkono ulionyooshwa kwa mtu ni mkono unaoongozwa. Uleule ukinyooshwa kwa utupu unakuwa mkono unaoomba. Mchapaji hakubadilisha hata mstari mmoja wa kiganja kile. Alimwondoa aliyekuwa anakipokea, na kiganja kikaomba chenyewe. Kwenye ufundi wetu, ambao kazi yote ni kuondoa, hili lilitakiwa kuwa la kwanza kuliogopa. Udhaifu wa shangazi, yaani kwamba haoni na anahitaji mtoto, ulikuwa jambo la watu wawili. Alipobaki mmoja, ukageuka unyonge.

Na pale Dar es Salaam ulikuwa na jina tayari. Msomaji wa Dodoma hahitaji kuelezwa. Utani wa Mgogo na kuomba tumeusikia stendi, kazini, hata misibani. Watu wanasahau, au hawakuwahi kuambiwa, mambo yalivyofika huko. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na baada yao Waingereza walichukua Ugogo nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikagoma. Njaa ile ya 1917 hadi 1920 wazee wanaiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000 kati ya 150,000 wa eneo la Dodoma. Ukimnyang'anya mtu ghala, kisha ukacheka mkono wake, umemnyongesha mara mbili. Yule mtazamaji aliyesema "anakaa pale kwenye mataa" hakuwa mtu mbaya. Alisoma kilichoandikwa. Sisi ndio tuliomwandikia, na sifa ile tuliyoichekelea ilikuwa ndiyo onyo la kwanza.

Kuna mahali karibu nasi pa kujifunzia jambo hili, na nimemburuta mchapaji mpaka huko. Kolo, wilaya ya Kondoa, kwenye njia ya kwenda Babati, ndiko kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wake wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo, miili mirefu myembamba, nywele zimetuna. Kuna kundi moja maarufu: mtu yuko katikati, ameshikwa mikono na wengine kutoka pande mbili. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona wanamteka. Watafiti wengine baada yake wameona ngoma ya tiba, kwamba wanaomshika wanamsaidia. Nilikaa mbele ya mwamba ule muda mrefu. Sikuweza kuamua, na sidhani ni kazi yangu kuamua. Nilichokiona ni kwamba aliyechora aliwaacha wanaoshika wabaki. Maelfu ya miaka imepita na bado tunaweza kubishana juu yao. Angewafuta, tungebaki na mtu amenyoosha mikono, na ubishi ungekuwa umekwisha kabla hatujazaliwa.

Mchapaji yeye alirudi kwa mtu anayemheshimu kuliko wote, Käthe Kollwitz wa Ujerumani. Mume wake alikuwa daktari wa maskini mjini Berlin, na mwanawe wa pili, Peter, aliuawa vitani Ubelgiji mwezi Oktoba 1914. Alihangaika miaka kadhaa kuichapa huzuni hiyo. Alipoona picha za mbao za Ernst Barlach mwaka 1920 akaamua kushika mbao, na mfululizo wake wa mbao saba juu ya vita ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tulizitazama upya kwenye simu, tukihesabu mikono. Wazazi wamepiga magoti wameegemeana mpaka huwezi kutenganisha miili yao, na uso wa baba umefunikwa na kiganja chake. Akina mama wamesimama duara, wamekumbatiana, watoto wako katikati. Sura karibu hazionekani. Nilikuwa nimemchukulia mama huyu kama bingwa wa sura za mateso. Kumbe kazi kubwa inafanywa na mikono, na kwenye karatasi zile mikono ina mtu wa kumshika.

Limebaki suala la ridhaa, na hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Shangazi alikubali kuchorwa. Aliulizwa, akasema, "Nichore tu baba." Tukaona tumemaliza. Lakini alikubali kitu asichoweza kukikagua, wakati sisi tulikuwa na sanaa ambayo, katika picha zote za bapa duniani, ndiyo asiyeona anaweza kuisoma kwa vidole. Ubao ulikaa karakana mwaka mzima. Kijijini kwake ni safari ya basi ya asubuhi, unarudi jioni. Tulimletea karatasi mtu asiyeona, na ubao tukaugeuzia ukutani usishike vumbi. Tena picha ya kuchapa haifanani na mchoro mmoja ulioning'inizwa sebuleni kwa mtu. Ilipangwa nakala 20. Kiganja kile kingeomba kwenye kuta ishirini.

Ubao wa pili

Tulifikiria kuutibu ubao wa kwanza. Inawezekana: unakata dirisha kwenye sehemu iliyochimbwa, unapachika kipande kipya cha mbao kwa gundi, unasawazisha kwa msasa, kisha unamchonga mtoto hapo. Seremala alisema angelifanya kwa nusu siku. Mchapaji alikataa. Alisema mtoto hawezi kuingia kama kiraka, na kwamba hata kiganja lazima kibadilike, maana kikishikwa hakikai vile. Nilikubaliana naye.

Akaenda kijijini mara mbili, bila simu, na daftari tu. Akagundua jambo ambalo picha ya simu haikulishika: mtoto hamshiki bibi kiganja kizima, mkono wake hautoshi. Anashika vidole viwili, cha shahada na cha kati, anavikamata kama mpini wa jembe. Ndivyo alivyochonga.

Hapo palikuwa na shida ya kifundi ambayo mwenye kazi hii ataijua. Mikono miwili meusi imekutana. Ukiiacha inakuwa doa moja, ukichimba sana kati yake inaachana. Kinachowatenganisha bibi na mjukuu ni mstari mweupe wa unene wa karibu nusu milimita, uliokatwa kwa kile kijiti cha mwavuli, ukizunguka vidole vitano vidogo. Plaiwudi ina tabia ya kumeguka unapokata kukingama na nyuzi zake. Kidole gumba cha mtoto kilibanduka kipande ukubwa wa punje ya mtama. Mchapaji alikilamba kidole chake, akakiokota kile kipande sakafuni, akakirudisha kwa gundi na ncha ya sindano, akaweka jiwe juu usiku kucha. Ukijua pa kutazama, mshono unauona kwenye kila nakala.

Macho safari hii hakuyachimba. Aliacha vifuniko vimefumba, vyeusi, na makovu akayapitisha kwa mistari mitatu myembamba kila upande. Ukigusa, unakuta mbonyeo mdogo tu.

Tulichapa mwezi wa nane, na kwa aliye Dodoma anajua maana yake: upepo, vumbi, hewa kavu inayopasua midomo. Karatasi nene tunailowanisha kidogo ili ipokee wino, lakini msimu ule inakauka kabla hujafika nusu ya kusugua. Ikabidi tuchape alfajiri, kuanzia saa kumi na moja, madirisha yamefungwa, karatasi zimefunikwa kwa shuka mbichi. Nakala tatu kwa siku. Mbili za kwanza ziliingiwa na chembe za vumbi, tukazitupa.

Rafiki yetu mmoja anayechora alizilinganisha picha zote mbili na kusema ya kwanza inapiga kifuani na ya pili inabidi uisogelee. Ni kweli. Ukiwa mbali unaona mama na fimbo na kitu fulani cheusi kwenye kona. Ukisogea ndipo unaona vidole viwili vimekamatwa. Mchapaji alijibu kwamba ni sawa, watu wasogee.

Nakala zilizotoka, na ubao ulipokwenda

Kati ya zile 3 za mwanzo, moja ilikuwa kwa rafiki, akairudisha siku hiyohiyo alipoelezwa. Moja alipewa mtu aliyehama mji na namba yake haipatikani. Ile iliyouzwa, mchapaji alimwandikia mwenyewe mnunuzi, akamsimulia kila kitu, akajitolea kumbadilishia bure. Mnunuzi alijibu kwa upole kwamba anaipenda ilivyo. Kwa hiyo kuna sebule mahali fulani Dar es Salaam ambako mkono ule bado umenyooshwa. Nakala 9 zilizobaki na ile iliyorudishwa, jumla 10, zimefungwa kwenye gazeti. Mchapaji alitaka kuzichoma. Shangazi alipoulizwa alisema asichome, kanga ilikuwa nzuri.

Wachapaji wana desturi ya kufunga toleo: nakala zikitimia, ubao unapigwa mikwaruzo ya msalaba ili usichapwe tena. Huu wa pili haukupigwa. Zilipotimia nakala 15 shangazi aliletwa tena, akalaziwa ubao mapajani, naye akapita njia ileile: ukingo, kanga, kidevu, macho, fimbo. Alipofika kwenye vidole viwili alimwita mjukuu kwa sauti, akaushika mkono wake na kuubandika juu ya ule wa mbao. Mtoto, sasa ana miaka minane, akasema mkono wake ni mkubwa kuliko huo. Shangazi akamwambia wakati ule haukuwa mkubwa.

Halafu akaomba ubao. Karatasi, alisema, tuwape wenye macho.

Tuliusafisha kwa mafuta ya taa na matambara siku nzima, lakini wino wa ofseti ukishaingia kwenye nyuzi za mti hautoki wote. Umebaki mweusi wa kung'aa kidogo, kama sufuria ya zamani. Uko kijijini, umeegemezwa ukutani karibu na kitanda, kimo cha mkono wa mtu aliyekaa. Nilipita kumsalimia baada ya mavuno. "Mbukwa," alisema kabla sijafungua mdomo, ameshanijua kwa hatua. Nikauangalia ubao. Sehemu yote ina rangi moja, isipokuwa pale kwenye vidole viwili, ambapo weusi umeanza kuondoka na mbao ya chini inaonekana.